Uniti Moja Ndani, Tatu Nje: Jinsi ya Kupima Pampu ya Joto ya Nyumbani

Kila pampu ya joto inapotajwa, swali ni lile lile: inawezekanaje mashine itumie uniti moja ya umeme halafu itoe uniti tatu za joto? Wengi wakiisikia hesabu hiyo huguna. Wanajua kwamba hita ya kawaida ya umeme ikila uniti moja hutoa joto la uniti moja, basi. Wanajua pia kwamba kitu hakizuki hivi hivi. Kwa hiyo wanadhani ni maneno ya wauzaji.

Swali la pili huja baadaye, kwa yule aliyekwisha kununua. Ameachana na boila ya gesi, tuseme mjini Leicester au Birmingham. Serikali imemchangia pauni 7,500 kupitia Boiler Upgrade Scheme, mpango unaohudumia England na Wales. Mafundi wamefunga mashine, wamekusanya zana zao na kuondoka. Halafu bili ya Januari inaingia, na ni kubwa. Je, mashine ni mbovu, au ndivyo baridi ilivyo? Karatasi ya mashine inasema 4.6. Hiyo 4.6 iko wapi ndani ya bili?

Nitajibu yote mawili, lakini muda mwingi nitautumia kwenye la pili. La kwanza lina jibu fupi. La pili ndilo linalowatoa watu fedha mfukoni, na ndilo ambalo wauzaji hulikwepa.

## Joto halitengenezwi, linahamishwa

Kama nyumbani kwako Dar es Salaam, Mombasa au Maskati kuna kiyoyozi, basi pampu ya joto unayo tayari. Simama mbele ya kile kisanduku cha nje wakati kiyoyozi kinafanya kazi: upepo unaokupiga ni wa moto kuliko hewa ya mtaani. Joto hilo lilikuwa chumbani, limechukuliwa na kutupwa nje. Pampu ya joto ya nchi za baridi ni mashine hiyo hiyo iliyogeuzwa mwelekeo. Inachukua joto la nje na kuliingiza ndani.

Lakini nje kuna baridi, joto gani la kuchukua? Hapa ndipo gesi ya friji inapofanya kazi yake. Ingawa huitwa gesi, ni kimiminika maalumu kinachochemka hata kwenye baridi kali. Inapopita kwenye koili ya nje huwa na baridi kuliko hewa yenyewe, labda nyuzi 5 chini ya sifuri. Joto siku zote hutoka penye joto zaidi kwenda penye joto kidogo, hivyo hata hewa ya nyuzi 2 huipa gesi hiyo joto la kutosha kuichemsha iwe mvuke. Kompresa, ile mashine inayonguruma ndani ya kisanduku, huubana mvuke huo, na mvuke ukibanwa hupanda joto. Sasa unaweza kupasha maji yanayozunguka kwenye rediata, au kwenye mabomba yaliyozikwa chini ya sakafu. Ukishatoa joto lake unarudi kuwa kimiminika, unapunguziwa shinikizo, na mzunguko unaanza upya.

Umeme hapa ni ujira wa hamali. Hamali wa bandarini halipwi bei ya gunia, hulipwa kazi ya kulibeba. Ukilipa uniti moja ukaletewa tatu, mbili kati yake zilikuwa hewani nje, bure, na moja ni ule umeme wenyewe, ambao nao huishia kuwa joto. Na ujira hupanda kadiri ngazi inavyorefuka. Kupandisha joto kutoka hewa ya nyuzi 2 hadi maji ya nyuzi 35 ni ngazi fupi. Kulipandisha hadi nyuzi 55 ni ngazi ndefu, na kila daraja la ziada unalilipia.

Haya si mambo ya jana. William Thomson, mwanafizikia ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alilieleza wazo hili mwaka 1852. Miaka michache baadaye, nchini Austria, Peter von Rittinger aliunda mashine ya namna hii kwa ajili ya kiwanda cha chumvi. Mwaka 1938 jengo la baraza la jiji la Zürich lilianza kupashwa joto lililovunwa kwenye maji ya mto Limmat. Mwaka 1945, katika uhaba wa vita, mhandisi John Sumner alifanya hivyo hivyo mjini Norwich, akitumia mto Wensum na vifaa vilivyokwisha kutumika. Mashine ni ya zamani. Kilicho kipya ni kwamba sasa imeingia kwenye nyumba za watu wa kawaida, ambako hakuna mhandisi wa kuiangalia kila siku.

## Sehemu moja ya hesabu

Ufanisi wa pampu ya joto ni joto lililotoka, gawanya kwa umeme ulioingia. Vyote viwili hupimwa kwa uniti, yaani kilowati-saa, ile ile unayoinunua kwenye LUKU au kwa tokeni. Ikitoa uniti 7 za joto kwa uniti 2 za umeme, uwiano wake ni 3.5.

Uwiano huo ukipimwa kwa saa moja au kwa hali moja tu, kwenye karatasi za mashine huandikwa COP. Hapa nitauita uwiano wa papo hapo. Ukipimwa kwa msimu au mwaka mzima nyumbani kwako, wataalamu huuandika SPF. Huo nitauita uwiano wa mwaka. Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayotumika kuwapotosha wanunuzi, wakati mwingine bila hata nia mbaya.

Ile 4.6 ya kwenye karatasi huwa imeandikiwa pembeni herufi ndogo: A7/W35. A7 maana yake hewa ya nje ilikuwa na nyuzi 7, na W35 maana yake maji yalitoka yakiwa na nyuzi 35. Maabara ilipima hali hiyo moja, mashine ikienda kwa utulivu. Namba ni ya kweli. Ila nyumba yako huenda ina rediata za zamani zinazotaka maji ya nyuzi 50, na usiku wa Januari hewa ya nje huwa nyuzi 1, tena imejaa unyevu.

Hata fizikia yenyewe imeweka dari ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuipita. Ili kuipata, chukua joto la maji, ongeza 273 upate vipimo vya Kelvin, kisha gawanya kwa tofauti kati ya maji na hewa ya nje. Kwa hewa ya nyuzi 2 na maji ya nyuzi 35, unapata 308 gawanya kwa 33, yaani 9.3. Kwa maji ya nyuzi 55, ni 328 gawanya kwa 53, yaani 6.2. Mashine halisi hufikia karibu nusu ya dari hiyo, mara nyingi chini ya nusu. Kwa hiyo tegemea 4 na kitu kwenye hali ya kwanza, na 2.7 hivi kwenye ya pili. Mashine ni ile ile, siku ni ile ile. Kilichobadilika ni joto la maji peke yake.

## Nyumba za watu zilipopimwa

Uingereza ilianza majaribio makubwa ya nyumbani mwaka 2008, chini ya Energy Saving Trust. Matokeo ya kwanza, yaliyotoka mwaka 2010, yaliwashtua wengi. Baadhi ya pampu hazikufika hata 2, ilhali nyingine zilipita 3. Teknolojia ilikuwa moja. Tofauti ilitokana na ufungaji: rediata ndogo, maji yaliyowekwa moto kupita kiasi, vidhibiti ambavyo wenye nyumba hawakuwahi kufundishwa.

Baadaye mradi mwingine wa serikali, Electrification of Heat, ulifunga mita kwenye nyumba 742. Kwa pampu zinazovuna joto la hewa, nyumba ya katikati ilipata karibu 2.8. Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ISE ilipopima nyumba zilizokuwa zimekwisha kukaliwa, si mpya, ilipata wastani wa 3.1 kwa pampu za hewa na 4.1 kwa zile zinazovuna joto la ardhini. Ardhi hushinda kwa sababu, ukichimba kwenda chini, baridi ya Januari haifiki. Ngazi inakuwa fupi mwaka mzima.

Wako wanaozichukua namba hizi kama ushahidi kwamba pampu za joto ni ulaghai. Mimi sizioni hivyo. Hata 2.8 ni karibu mara tatu ya hita ya umeme. Ninachokiona ni kwamba kati ya nyumba iliyofungiwa vizuri na iliyofungiwa ovyo kuna pengo kubwa kuliko pengo la mashine moja na nyingine, na pengo hilo huwezi kulijua bila kupima.

## Mita mbili, na jinsi zinavyosomwa

Unahitaji vitu viwili: mita ya umeme inayohesabu pampu ya joto peke yake, na mita ya joto.

Ya umeme ni rahisi. Ni mita ndogo inayofungwa kwenye waya unaoilisha pampu, tofauti na mita kuu ya nyumba. Nyingi zina taa ndogo inayowaka mara 1,000 kwa kila uniti. Ukihesabu sekunde kati ya mwako mmoja na unaofuata, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati. Taa ikiwaka kila baada ya sekunde 1.8, pampu inavuta wati 2,000. Jihadhari na vile vifaa vya bei nafuu vinavyobana waya na kupima ampea tu. Mkondo unaovutwa na kompresa za kisasa hauna umbo la kawaida, na ukizidisha ampea kwa volti hupati wati za kweli.

Mita ya joto ndiyo inayotaka maelezo. Fungua kabati lenye tangi la maji ya moto, ufuate bomba linalotoka kwenye pampu. Mita yenyewe ni kipande cha shaba kilichoungwa ndani ya bomba, kina kioo kidogo cha namba, na nyaya mbili nyembamba zinatoka ubavuni. Ndani ya shaba hiyo mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio hupima kasi ya maji. Waya mmoja unaishia kwenye kipimajoto kilichozamishwa kwenye bomba la maji yanayokwenda ndani ya nyumba, wa pili kwenye bomba la maji yanayorudi. Mita inajua maji mangapi yamepita, na yameacha nyuzi ngapi ndani ya nyumba. Kutokana na hayo mawili inahesabu joto.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa umesimama pale. Zidisha lita kwa dakika, mara tofauti ya nyuzi, mara 0.07. Tuseme kioo kinaonyesha lita 1,200 kwa saa, yaani 20 kwa dakika. Maji yanakwenda na nyuzi 38.4 na yanarudi na nyuzi 33.4, tofauti ni 5. Ishirini mara 5 mara 0.07 ni kilowati 7. Kama wakati huo huo mita ya umeme inaonyesha kilowati 2, uwiano wako wa papo hapo ni 3.5.

Sasa tazama udhaifu wake ulipo. Tofauti ni nyuzi 5 tu. Kipimajoto kimoja kikikosea nusu nyuzi, ukasoma 5.5 badala ya 5, joto lako limeongezeka kwa asilimia 10 bila kuwapo, na 3.5 imegeuka 3.85. Ndiyo maana vipimajoto vya mita ya joto huuzwa kwa jozi, vikiwa vimelinganishwa kiwandani, na ndiyo maana vinapaswa kuzama ndani ya maji. Fundi akivifunga nje ya bomba kwa mkanda wa plastiki, bila hata sponji ya kuvikinga na hewa ya kabatini, usiiamini mita hiyo hata kama ni ya bei ghali.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Ili mabomba ya nje yasipasuke kwa barafu, mara nyingi maji huchanganywa na glikoli, kimiminika kinachozuia maji kuganda. Mchanganyiko huo hubeba joto kidogo kuliko maji matupu. Mita iliyopangwa kwa ajili ya maji haijui hilo na itakusifia bure, na kosa la asilimia 5 si ajabu. Muulize fundi kama kuna glikoli, na kama mita imeambiwa.

Pampu nyingi za sasa huonyesha uwiano kwenye skrini zao. Ni msaada wa kuona mwelekeo, kama wiki hii ni nafuu kuliko iliyopita. Lakini mashine inayojipima yenyewe mara nyingi hukadiria, na baadhi huacha nje ya hesabu umeme wa pampu za maji au wa kusubiri. Isome, lakini usiifanye hakimu.

Pampu zinazopuliza hewa ya moto moja kwa moja chumbani, kama zilivyoenea Norway na Japani, ni ngumu zaidi kupima nyumbani. Hakuna bomba la kufunga mita, na kupima hewa yote inayotoka kwenye feni ni kazi ya maabara. Kwa hizo utabaki na mita ya umeme na makadirio.

Kwa ufupi hadi hapa: ufanisi ni joto gawanya kwa umeme. Namba ya kwenye karatasi ni ya hali moja ya maabara. Namba yako inataka mita ya umeme ya peke yake, mita ya joto iliyofungwa sawasawa, na muda.

## Mstari umechorwa wapi?

Majirani wawili wanaweza kuwa na mashine sawa, nyumba sawa na mita sawa, mmoja akasema anapata 3.3 na mwingine 2.75, na wote wakawa wakweli. Ni suala la nini kimehesabiwa. Ulaya kuna utaratibu wa kuchora mstari wa hesabu mahali panne, kuanzia H1 hadi H4. Tuuone kwa nyumba ya mfano inayotumia uniti 11,000 za joto kwa mwaka. Kati ya hizo, 10,600 zinatoka kwenye pampu na 400 zinatoka kwenye koili ya kawaida ya umeme iliyomo ndani ya tangi.

- H1: kompresa pekee. Imekula uniti 3,200, imetoa 10,600. Uwiano ni 3.31.
- H2: ongeza feni ya nje na vidhibiti, uniti 200. Uwiano ni 3.12.
- H3: ongeza ile koili ya tangini, uniti 400 za umeme na 400 za joto. Uwiano ni 2.89.
- H4: ongeza pampu ndogo zinazozungusha maji ndani ya nyumba, uniti 200. Uwiano ni 2.75.

Muuzaji atapenda kukuambia ya kwanza. Kampuni ya umeme itakutoza kwa ya mwisho.

H2 ina kazi yake. Inafaa kulinganisha mashine na mashine, na ndiyo ambayo Umoja wa Ulaya uliitumia katika mwongozo wa mwaka 2013, ukaweka 2.5 kuwa kiwango cha chini cha pampu ya umeme kuhesabiwa kuwa nishati jadidifu. Chini ya hapo, ukizingatia nishati inayopotea kwenye mitambo ya kuzalisha umeme, faida yake haitoshi. Lakini kwa mwenye nyumba, H4 ndiyo inayosema ukweli wa mfuko wake. Namba isiyotaja mstari wake mimi siihesabu kuwa namba.

Angalia pia ile koili. Uniti 400 tu zimeshusha uwiano kutoka 3.12 hadi 2.89. Koili hiyo hutoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme, kama hita ya kawaida. Mara nyingi huachwa kwenye saa ya kujiwasha bila mtu kujua, au hutumika kupandisha tangi hadi nyuzi 60 mara kwa mara ili kuua bakteria wa lejionela. Kuua bakteria ni jambo la lazima. Kuwaka kila asubuhi kwa sababu fundi alisahau kuizima si lazima.

## Makosa yanayoharibu hesabu

Kosa kubwa kuliko yote ni kukata wastani wa wastani. Tuseme siku moja ya Mei pampu ilitoa uniti 9 kwa umeme wa uniti 2, uwiano 4.5. Siku moja ya Januari ilitoa 80 kwa umeme wa 32, uwiano 2.5. Mtu anajumlisha 4.5 na 2.5, anagawanya kwa mbili, anapata 3.5 na kufurahi. Sivyo. Jumlisha joto lote, 89. Jumlisha umeme wote, 34. Gawanya: 2.62. Siku za baridi ndizo zinazobeba mzigo, kwa hiyo ndizo zinazoamua. Ndiyo sababu kipimo cha wiki mbili za Aprili hakina maana yoyote, na ndiyo sababu nasisitiza mwaka mzima.

La pili ni barafu. Hewa ya nje inapokuwa kati ya nyuzi 0 na 5, yenye unyevu kama ile ya Uingereza, koili ya nje huganda utando mweupe. Kila mara inapobidi, mashine hujigeuza kwa dakika chache, inachukua joto kutoka ndani ya nyumba na kulipeleka nje kuyeyusha barafu. Utaona mvuke ukifuka kutoka kwenye kisanduku, na wengi hudhani kinaungua. Katika dakika hizo joto linatoka nyumbani, na mita nyingi za joto hazijui kuhesabu kurudi nyuma. Namba yako itakuwa imevimba kidogo. Si kosa la kukunyima usingizi, lakini lijue.

La tatu ni kusahau kiangazi. Miezi ya joto pampu hupasha maji ya kuoga tu, kwa nyuzi 50 hivi, na muda uliobaki inasubiri huku vidhibiti vikiendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Kiasi ni kidogo, ila ni sehemu ya mwaka.

## Namba hiyo ni pauni ngapi?

Chukua bei kikomo za Ofgem, mdhibiti wa nishati wa Uingereza, za robo ya mwisho ya mwaka 2024: umeme peni 24.5 kwa uniti, gesi peni 6.24. Umeme ulikuwa karibu mara nne ya gesi, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Boila ya gesi ya asilimia 85 ingehitaji uniti 12,941 za gesi ili kuipa nyumba yetu ya mfano zile 11,000 za joto. Hiyo ni pauni 808. Ongeza pauni 115 hivi za tozo ya kila siku ya kuwa na gesi, ambayo utaiokoa ukikata gesi kabisa. Jumla ni kama pauni 923.

Pampu yenye uwiano wa mwaka wa 2.75 itakula uniti 4,000 za umeme: pauni 980. Umepata hasara. Yenye 3.5 itakula 3,143: pauni 770. Yenye 4 itakula 2,750: pauni 674. Mahali pa kutoka sare ni karibu 2.9. Kati ya 2.75 na 3.5 kuna pauni 210 kwa mwaka, kila mwaka, kwa mashine ambayo pengine ni ile ile, iliyopangwa vibaya au vizuri. Bei zikibadilika, rudia hesabu na bei zako. Njia ni hiyo hiyo.

Tahadhari moja hapa. Uwiano mzuri si sawa na bili ndogo. Nyumba inayovujisha joto madirishani, iliyowekwa nyuzi 23 mchana na usiku, inaweza kuwa na 4 na bado ikalipa kuliko jirani mwenye 3.3 anayeishi kwa nyuzi 19. Mita ya joto itakuonyesha hilo pia, kwa sababu inakuambia nyumba imemeza joto kiasi gani. Ndiyo maana naitetea sana: inatenganisha kosa la mashine na kosa la nyumba.

## Ikiwa namba ni mbaya

Anza na joto la maji. Kila nyuzi moja unayoshusha huongeza ufanisi kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Pampu nyingi zina mpangilio unaofuata hali ya hewa, ambapo maji hupoa yenyewe nje kukiwa na joto na kupanda baridi ikizidi. Ushushe mpangilio huo kidogo, subiri siku mbili, uone kama vyumba bado vina joto la kutosha, kisha ushushe tena. Fungua vali za rediata badala ya kufunga vyumba. Eneo kubwa la kutolea joto huruhusu maji ya vuguvugu. Zima saa ya ile koili. Na kama kompresa inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache, muite fundi, kwa sababu ama mashine ni kubwa kuliko nyumba ama maji hayazunguki vya kutosha.

Wasio na mita ya joto wanaweza kukadiria. Chukua uniti za gesi ulizotumia mwaka wa mwisho wa boila, zidisha kwa 0.85, kisha gawanya kwa uniti za umeme ambazo pampu imekula mwaka wa kwanza. Kama baridi ya miaka hiyo miwili ilifanana na hukubadilisha nyumba, utajua kama uko karibu na 2 au na 4. Kati ya 3.0 na 3.3 njia hii haiwezi kukuamulia.

## Kabla hujatia sahihi

Wakati wa kudai mita ya joto ni kabla ya kazi kuanza, mabomba yakiwa bado wazi. Kuiongeza baadaye ni kumwaga maji ya mfumo, kukata bomba na kulipa upya. Waandikie mafundi wanaokupa bei, na utake majibu kwa maandishi: maji yatakuwa na nyuzi ngapi siku ya baridi kali kuliko zote, uwiano wa mwaka wanaoutarajia ni upi, na umepimwa kwa mstari gani kati ya H1 na H4, mita ya joto na ya umeme zitafungwa wapi, kutakuwa na glikoli au la. Anayejibu manne haya bila kusitasita anaijua kazi yake. Anayekuambia usijali, mashine ni nzuri, mshukuru kwa muda wake na umpigie mwingine. Na siku mitambo inapowashwa, piga picha ya vioo vya mita zote mbili kabla fundi hajaondoka, uandike tarehe. Bila namba hizo za kuanzia, mwaka ukiisha hutakuwa na cha kugawanya.